Saratani imefika mifupani: hamu ya kuishi inarudije?

Swali

"Daktari, mimi ni fundi seremala wa Makorora, Tanga, nina umri wa miaka 64. Nilisumbuliwa na mkojo pamoja na maumivu ya kiuno, nikaenda hospitali ya Bombo, nikapewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na huko ikaonekana kuwa nina saratani ya tezi dume ambayo imeshafika kwenye mifupa ya kiuno na mgongo. Mimi sikuambiwa. Mwanangu mkubwa aliambiwa kwenye korido kuwa nimebakiza kama miaka miwili. Nilimsikia usiku akimsimulia mama yake, na wakakubaliana wanifiche. Barua ya hospitali nayo nimeisoma walipokuwa wametoka. Nachomwa sindano ya homoni kila baada ya miezi mitatu. Tangu hapo karakana imefungwa, randa na patasi zangu zimetiwa kwenye gunia, kijana wangu wa kazi amehamia kwa fundi mwingine Mikanjuni, na kila nikiinuka naambiwa 'kaa, mzee'. Kuna wateja wawili walilipa nusu ya fedha za milango, sijui nitawaambia nini. Chakula hakina ladha, usiku silali, barazani siendi. Nasali na ninamshukuru Mungu, lakini sina hamu ya chochote. Watu wanasema nijipe moyo. Nautoa wapi?"

Jibu

Shikamoo, mzee wangu. Pole sana kwa maradhi, na pole zaidi kwa kuyabeba peke yako katika nyumba iliyojaa watu wanaokupenda.

Nitalijibu swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Moyo unaoambiwa ujipe haupatikani kwa kujilazimisha. Ninahudumia wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, hapa mkoani Tanga, na wale niliowaona wakirudiwa na hamu baada ya habari kama yako, ilirudi kwa mfuatano unaofanana: maumivu na usingizi vilitibiwa kwanza, halafu ukweli ukasemwa ndani ya nyumba, halafu shughuli fulani yenye manufaa kwa mtu mwingine ikarudi mikononi mwao. Hamu ilikuja nyuma ya hayo. Anayekuambia ujipe moyo kwanza, ndipo uendelee na maisha, anakutaka uanzie mwisho, na kushindwa kwako kufanya hivyo si udhaifu wala upungufu wa imani.

Basi nianze na usiku wako. Hukuandika kwamba maumivu ndiyo yanayokunyima usingizi, lakini mtu mwenye saratani kwenye mifupa ya kiuno na mgongo akiniambia halali, mimi huuliza habari za maumivu kabla ya kuuliza habari za mawazo. Wazee wetu wengi huyaficha. Ukiwauliza kama wanaumwa watakujibu "kidogo tu", hali wanalala kwa kukaa. Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa namna hii huwa ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa wakati mmoja, na kwamba kila moja huyachochea mengine. Kiuno kinachouma saa nane za usiku hukuletea fikra za kaburi, na fikra za kaburi hukaza misuli ya kiuno. Kwa hiyo kuyatibu maumivu ya mwili ndiyo hatua ya kwanza ya kuutibu moyo, na ndiyo hatua ambayo hospitali inaweza kukufanyia wiki hii.

Ikiwa paracetamol na dawa nyingine za kawaida hazikutoshi, uliza juu ya mofini ya maji. Najua jina hilo linaogopwa; katika nyumba nyingi za Tanga likitajwa, watu huanza kutazamana. Wapo wanaodhani ni dawa ya kumlaza mtu afe, na wapo wanaohofia uteja. Mofini inayonywewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa na daktari na kupandishwa polepole, haimfupishii mtu maisha, na ni nadra kumwingiza mgonjwa wa saratani katika uteja. Pale Uganda, Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alionyesha kwamba unga wa mofini ukiyeyushwa katika maji safi na kutiwa kihifadhi unaweza kumfikia mgonjwa kitandani kwake kwa gharama ndogo. Hunywewa kila baada ya saa nne, ikipimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, na mara nyingi dozi ya kulalia huwa maradufu ili mgonjwa asilazimike kuamka katikati ya usiku. Karibu kila anayeitumia hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inapaswa kuanza siku hiyohiyo, isisubiri tatizo. Usingizi wa mchana unaoletwa nayo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Chupa ikae mbali na wajukuu.

Njia ya pili ni mionzi. Mfupa mmoja unaouma kuliko mingine unaweza kupigwa mionzi ili kupunguza maumivu, na hapa kuna jambo ambalo linamgusa hasa mtu anayetoka Tanga, ambaye kila safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), inayotolewa siku moja, hupunguza maumivu ya mfupa sawa na mionzi inayogawanywa kwa siku nyingi, ingawa baadhi ya watu huhitaji kurudia baadaye. Haimfai kila mgonjwa, hasa kama mfupa unaelekea kuvunjika au uti wa mgongo umebanwa, lakini muulize daktari wako wa Ocean Road kwa maneno haya: "Je, mionzi ya siku moja inanifaa?" Nafuu yake huja ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo usivunjike moyo ukiona siku tatu zimepita bila badiliko.

Huenda mtu akikusikia ukitaja tiba shufaa atasema umeshakata tamaa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu yao walipewa tiba ya saratani ya kawaida peke yake, na nusu wakapewa tiba hiyo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa hawakupatwa sana na sonona, yaani ugonjwa wa moyo kuzama katika huzuni, kama wenzao, na tena waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ugonjwa wao haukuwa kama wako, lakini utafiti huo unatosha kumjibu yeyote anayedhani kwamba kutibiwa maumivu ni kujiandaa kufa.

Nimetaja sonona, na ninaomba uniruhusu niseme wazi kwamba nadhani unayo. Kukosa usingizi, chakula kukosa ladha, kuliacha baraza ulilolizoea na kutokuwa na hamu ya chochote, mambo hayo yakikaa zaidi ya wiki mbili ni ugonjwa wenye tiba, na hayapingani na kusali kwako wala kumshukuru Mungu. Mtu anaweza kuwa na imani kamili na sonona kamili, kama anavyoweza kuwa na imani na malaria. Zungumza na daktari wa Bombo juu ya ushauri nasaha na dawa. Lakini akikuandikia amitriptilini, ambayo hutumiwa sana kwa usingizi na kwa maumivu ya neva, mkumbushe kuwa una shida ya mkojo, kwa maana dawa hiyo inaweza kuuziba mkojo wa mwanamume mwenye tezi dume kubwa. Zipo dawa nyingine. Na kama kuna usiku unapotamani asubuhi isifike, mwambie daktari hivyohivyo, usipunguze neno na usione haya; wengi husema hivyo, na linalofuata ni msaada, wala hakuna atakayekuhukumu.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi huchomwa sindano bila kuelezwa. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba ukiikatia homoni hiyo, uvimbe husinyaa na maumivu ya mifupa hupungua. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano yako inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na kwa walio wengi hufanya kazi vizuri. Lakini homoni inayokatwa ndiyo pia inayompa mwanamume nguvu za misuli, wepesi wa mwili na sehemu ya uchangamfu wake. Ikiondoka, joto hupanda ghafla usoni na jasho likamwagika, misuli hulegea, machozi huwa karibu, hamu ya tendo la ndoa hutoweka, na uchovu huwa mzito hata baada ya kulala. Kwa hiyo sehemu ya kile unachokihesabu kuwa ni kukata tamaa kwako ni athari ya dawa inayokutibu. Usiiache sindano kwa sababu hiyo. Jua tu kuwa adui huyo ana jina na ana dawa, na dawa yake kubwa ni mwili kutumika. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2003 uliwafuatilia wanaume 155 waliokuwa wakipata tiba ya homoni kama yako. Waliofanya mazoezi ya kutumia nguvu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, walipungukiwa na uchovu, na wale ambao hawakufanya uchovu wao uliongezeka. Wanaokuambia "kaa, mzee" wanakupenda, lakini kwa ugonjwa wako na kwa sindano yako, kukaa kunakuchosha.

Hamu ya tendo la ndoa naitaja tena kwa sababu najua hutaiuliza. Mweleze mkeo kwamba imeondolewa na dawa, ili asidhani imeondolewa na yeye. Kulala karibu na kushikana mikono havikukatazwa na sindano yoyote, na wanandoa wengi wa umri wenu huniambia kuwa hayo yakirudi, nyumba hupata joto jipya.

Sasa niiguse ile miaka miwili, maana nahisi ndiyo inayokufunga kamba. Mwanao alipewa namba korido, na namba ya korido huwa haina maelezo. Madaktari wanapotaja muda, mara nyingi wanataja kiwango cha kati: tuwachukue wanaume 100 wenye ugonjwa kama wako, tuhesabu muda hadi 50 kati yao wawe wamefariki, muda huo ndio unaotajwa. Haisemi chochote juu ya 50 waliobaki, ambao baadhi yao huishi mwezi mmoja zaidi na baadhi miaka mingi zaidi. Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliambiwa mwaka 1982, akiwa na miaka 40, kuwa ana saratani ya utando wa tumbo ambayo kiwango chake cha kati kilikuwa miezi minane. Alisoma takwimu zile mwenyewe, akaona kwamba upande wa pili wa mstari huo wa kati una mkia mrefu, yaani wapo wanaoishi miaka mingi, akatibiwa, akafundisha na kuandika kwa miaka 20 mingine, na alipofariki mwaka 2002 ilikuwa kwa saratani nyingine. Sikuahidi kuwa utakuwa kama yeye, wengi hawakuwa. Ninachotaka uone ni kwamba alisoma kile namba ilichosema na akakataa kuisomea zaidi ya hapo.

Na kwa ugonjwa wako hasa, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa waliotibiwa kwa homoni peke yake walikuwa na kiwango cha kati cha miezi 44, na walioongezewa mapema dosetakseli, dawa ya kemikali ya kuua saratani, walikuwa na miezi 57.6. Hao walitibiwa katika hospitali za nchi tajiri, na hali ya kila mtu ina mambo yake. Lakini unaona kuwa miaka miwili si sheria. Muulize daktari wako kama dosetakseli au vidonge vya abirateroni, ambavyo huikata zaidi homoni ya kiume, vinakufaa, vinapatikana, na kwa gharama gani.

Upande mfupi wa mstari nao una watu wake, na sitakuficha hilo baada ya kulalamikia wanaokuficha. Kwa hiyo wosia wako, madeni yako na amana za watu viandikwe sasa, mbele ya mashahidi unaowaamini, ukiwa na nguvu na akili timamu. Katika kazi yangu nimeona kuandika wosia kukimlegeza mtu mabega. Jambo likishaandikwa, halimwamshi tena usiku.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu kuliko sindano. Wewe unajua, mkeo anajua, mwanao anajua, na mnakula sahani moja mkifichana. Wanao wameshika desturi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, kwamba mgonjwa akiambiwa ukweli atakata tamaa na kufa upesi, na wameifanya kwa mapenzi. Lakini siri hiyo inakulipisha gharama: huwezi kumwambia mtu unachokiogopa, huwezi kuuliza swali hospitalini mbele ya mwanao, na wao hawawezi kukuomba ushauri wala kukuomba radhi. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba, na nadhani ni wewe utakayeufungua mlango huu, kwa kuwa wao wameshaapizana.

Anza na mkeo, mkiwa wawili, usiku ambao maumivu yametulia. Maneno yawe machache. Unaweza kumwambia: "Mama watoto, ile barua nimeisoma. Najua ni saratani na najua imefika mifupani. Sikukasirikii. Nimechoka kujifanya sijui, nawe najua umechoka." Kisha nyamaza. Atalia, na pengine utalia nawe. Machozi hayo yalikuwepo tangu siku ya barua, yalikosa tu mahali pa kumwagika. Usimwahidi kwamba utapona, wala usianze usiku huo kugawa mali. Mwambie jambo moja unalolitaka kutoka kwake, kwa mfano akuache uende msikitini mwenyewe kwa miguu. Siku ya pili au ya tatu mwite mwanao, mkiwa na mama yake, mwambie yaleyale, na umwombe jambo hili: safari ijayo ya kliniki mtaingia chumbani kwa daktari pamoja, na daktari atazungumza na wewe, yeye akisikiliza.

Wengine wa mtaani hawana haki ya kujua zaidi ya unachotaka wajue. Barazani rudi kwa muda mfupi, hata nusu saa, utoshe kikombe kimoja cha kahawa na mchezo mmoja wa bao. Watakaouliza wajibu "Naumwa, natibiwa, nipo," kisha waulize wewe habari zao.

Nimeiweka karakana mwisho ingawa ndiyo niliyoifikiria zaidi niliposoma barua yako. Angalia ulivyoandika: sentensi zako juu ya ugonjwa ni za mtu aliyechoka, lakini ulipofika kwenye wateja wawili waliolipa nusu ya fedha za milango, ukaanza kusema kama fundi. Hilo deni linakusumbua, na mimi ninafurahi kuwa linakusumbua, kwa sababu ni mahali ambapo mtu mwingine bado anakusubiri. Hamu ya kuishi ya mtu wa umri wako, aliyejenga maisha yake kwa mikono, haikai kwenye kustarehe. Inakaa kwenye kuhitajiwa. Kila ulipoambiwa ukae ulipumzishwa, na papo hapo ukaondolewa kidogo katika watu ambao nyumba inawategemea. Baada ya miezi michache ya kupumzishwa hivyo, hata mtu mzima wa afya angekosa ladha ya chakula.

Kwa hiyo waite wale wateja wawili. Waambie kwamba umeugua, kwamba fedha zao hazijapotea, na kwamba milango itatengenezwa chini ya jicho lako ila itachelewa. Anayetaka kurudishiwa fedha arudishiwe, na wasiotaka wapewe tarehe iliyo mbali kuliko unavyofikiri inahitajika. Kisha mtumie ujumbe kijana wako aliyehamia Mikanjuni. Pengine hatarudi kwa siku zote, lakini kwa siku mbili za wiki, kwa malipo ya kazi hiyo, anaweza kukubali, na kama hataki, mmoja wa wajukuu aliyekwishamaliza shule anaweza kuanza kujifunza. Wewe uwe na kiti chenye egemeo pale kivulini mwa kibanda, na ufanye yale ambayo kijana hayawezi bado: kuchagua ubao, kuugonga kwa vidole na kusikiliza kama umekauka, kuangalia mshipa wa mninga unakokwenda kabla randa haijapita, kupima fremu, kuchora kwa penseli mahali ulimi utakapoingia katika tundu lake, na kumsimamisha anapotaka kuharakisha. Kunoa patasi kwenye jiwe lenye mafuta ni kazi ya kukaa, na mikono yako inaijua kuliko akili yako. Anza na hiyo siku ya kwanza. Litoe gunia mwenyewe, au umwombe mwanao alitoe mbele yako, uzikague zana moja moja kama zimeshika kutu.

Kuna masharti, na ninayaweka nikimaanisha. Kabla ya kuanza, muulize daktari ni mifupa ipi iliyoguswa na kama kuna uliodhoofika kiasi cha kuweza kuvunjika. Usinyanyue mbao, usiiname huku umeshika kitu kizito, usipande ngazi, na usipinde kiuno kwa nguvu kusukuma randa. Fanya kazi asubuhi, ukiwa umekunywa dawa yako, kwa saa moja mwanzoni, na uache ukiwa bado unatamani kuendelea. Ikiwa kesho yake maumivu ni makali kuliko jana, punguza muda, usiache kabisa. Siku ambazo karakana haifunguliwi, tembea kabla jua halijawa kali, na nyumbani uinuke na kuketi kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, ili mapaja yasiishiwe nguvu. Kutakuwa na siku mbaya za kulala tu. Siku hizo zihesabu kuwa za ugonjwa, na siku inayofuata urudi kwenye kiti chako.

Usitarajie kuwa siku ya kwanza utajisikia furaha. Wengi hunisimulia kwamba wiki ya kwanza walifanya kwa kulazimika, bila ladha yoyote, kisha asubuhi moja wakajikuta wanafikiria kona ya mlango kabla ya kufikiria ugonjwa. Fikra ya ugonjwa hurudi baada ya dakika kadhaa, lakini nafasi ya kwanza ya siku imeshachukuliwa na kitu kingine, na polepole nafasi hizo huongezeka. Na ukimfundisha yule kijana kufunga mlango usiopinda hata mvua za masika zikipita, hilo ataendelea kulifanya kwa mikono yake, upo au haupo.

Watakuja pia watu wenye dawa za kuondoa saratani kabisa kwa chupa kadhaa, na bei ya chupa hizo itapanda kila mwezi. Sikukatazi dua wala kisomo. Nakuomba tu usiuze mashine wala kiwanja kwa ajili ya ahadi hiyo, na usinywe mitishamba bila kumwambia daktari, kwa sababu baadhi huumiza figo na ini ambavyo dawa zako zinavihitaji.

Safari ijayo ya kliniki andika maswali yako kwenye karatasi, kwa sababu ndani ya chumba cha daktari kila mtu husahau: maumivu yangu yatatibiwaje usiku, mionzi ya siku moja inanifaa, mifupa ipi nisiitumikishe, dosetakseli au abirateroni vinanihusu, na ni nani wa tiba shufaa nitakayempata karibu na nyumbani. Uliza Bombo, na uliza pia Hospitali ya Teule ya Muheza, ambako huduma hii imekuwepo kwa muda mrefu.

Jambo la mwisho mweleze mkeo na mwanao pia, kwa kuwa pengine wao ndio watakaoliona. Saratani iliyo kwenye mifupa ya mgongo inaweza kuubana uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yakibadilika ghafla na kuwa makali, miguu ikilegea au kuingia ganzi, ukikosa hisia sehemu unayokalia, au ukishindwa kuzuia au kutoa haja, msisubiri asubuhi wala siku ya kliniki. Nenda Bombo saa hiyohiyo, mseme mlangoni kwamba una saratani kwenye mifupa ya mgongo na kwamba miguu inabadilika, kwa sababu anayeanzishiwa matibabu akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea, na anayechelewa hadi miguu imekufa mara nyingi hairudi.